Nyumba ya Kupanga kwa Mitambo ya Biashara

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno hili: SEVA.

Seva ni kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Mathalani, chama cha ushirika chenye matawi matano huweka humo hesabu za wanachama, na kila tawi huzisoma kutoka mbali. Wengi huiweka seva yao chumba cha nyuma, pamoja na mafagio. Umeme ukikatika hapo, matawi yote matano hukaa bure.

Ndiyo sababu watu hupanga nafasi katika kituo cha data, yaani jengo lililojengwa kwa ajili ya mitambo tu. Vyombo ni vyako. Unalipia kabati, umeme, ubaridi na ulinzi. Mjini Nairobi kituo kilichoitwa East Africa Data Centre kilifunguliwa mwaka 2013, na vingine viko Mombasa na Dar es Salaam.

Utachaguaje? Kila mwenye kituo atasifu chake. Wewe nenda ukaone.

Kwanza, umeme. Usiulize, "Mnayo jenereta?" Wote wanayo. Uliza ni lini ilipowashwa mara ya mwisho ikabeba mzigo wote, na mafuta yake yatatosha saa ngapi. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na sehemu ya kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta ikawa giza, kwa kuwa jenereta moja ilikataa kuwaka. Jenereta ilikuwapo! Tena, kabla jenereta haijawaka, betri ndizo zishikazo kazi, nazo huchakaa. Uliza umri wake.

Pili, njia za mawasiliano. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na kwa majirani. Waliokuwa na njia nyingine waliihamishia kazi huko. Basi chagua kituo kilichoingiza nyaya za makampuni kadhaa. Ziingie pia kwa pande mbalimbali za jengo, maana sururu ya mchimba mtaro mmoja yaweza kukata zote zilizolala pamoja.

Tatu, moto. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, huko Strasbourg, Ufaransa, jengo moja la kampuni ya OVHcloud liliteketea lote. Wako wateja ambao nakala za kumbukumbu zao zilikuwa mumo humo. Zikaungua pamoja na zenyewe. Nakala iwekwe mji mwingine, hata kama kituo ni kizuri namna gani.

Bei hutegemea nafasi na umeme utakaotumia. Lakini soma mkataba polepole, hasa sehemu ya fidia. Mara nyingi kituo kikisimama hupunguziwa kodi ya saa chache tu. Biashara uliyoikosa hulipwi. Angalia pia kama fundi wako ataruhusiwa kuingia saa nane za usiku, na kama kuna ada.

Sasa zimeni redio. Kila kikundi kiandike maswali manne ya kumwuliza mwenye kituo, nasi tutayasahihisha katika somo lijalo. Kwaherini.