KUHAMIA MOMBASA NA JAMAA NZIMA: MAMBO YA KUTENGENEZA KABLA YA KUPAKIA MZIGO

Kila mwaka watu wengi wa bara huteremka pwani kwenda kukaa. Wengine wamehamishwa na kazi, wengine wafuata biashara, na wengine wamestaafu nao wapenda kuishi katika mji usio na msongamano kama Nairobi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, na Mombasa 1,208,333. Lakini mtu asidhani ya kuwa kuhamia mji mdogo ni kazi ndogo. Toka Nairobi hata Mombasa ni mwendo wa kilomita 480 hivi kwa barabara, na aliyesahau jambo nyuma yake hawezi kurudi jioni kulichukua.

Taabu nyingi za wahamaji hazitoki katika safari yenyewe. Lori hufika, na vyombo hufika. Taabu hutokea kwa sababu mambo yamefanywa kinyume: mzigo umepakiwa kwanza, na nyumba ikatafutwa baadaye. Hapo fedha ya akiba huliwa na nyumba ya wageni, watoto hukaa majuma bila shule, na mwisho mama na watoto hurudishwa kwa wazee nyumbani, baba akabaki peke yake mjini. Mashauri yafuatayo yamepangwa kwa utaratibu unaofaa kufuatwa na mtu anayeanza matengenezo yake miezi mitatu kabla ya siku ya kuhama.

TANGULIZA MTU MMOJA

Jambo la kwanza ni kumpeleka mtu mzima mmoja Mombasa kwa siku chache, akiwa hana mzigo ila mfuko wa mkono. Nauli yake ni fedha kidogo ikilinganishwa na hasara ya kupanga nyumba isiyofaa. Akae kwa ndugu au rafiki, atembee kwa miguu katika mitaa anayoifikiria, asubuhi na jioni, naye aulize majirani wala si dalali peke yake: maji hutoka siku zipi? Mvua ikinyesha njia hupitika? Watoto wa hapa husoma wapi?

Wala asitume mtu fedha kwa ajili ya nyumba ambayo hajaiona. Mwandishi wa mashauri haya aliwahi kutuma kodi ya mwezi mmoja kwa simu, akaahidiwa vyumba viwili karibu na barabara. Alipofika alikuta mlango umefungwa kwa kufuli la mpangaji mwingine, na simu ya yule aliyepokea fedha haikupatikana tena. Tangu siku ile amejifunza kushika ufunguo kwanza, kisha kutoa fedha na kupewa stakabadhi.

CHAGUA UPANDE WA MAJI

Mtu wa bara amezoea kuchagua nyumba kwa kutazama kodi na ukubwa wa vyumba. Mombasa kuna jambo la tatu lililo kubwa kuliko hayo, nalo ni bahari. Mji wenyewe ni kisiwa, na sehemu zake nyingine ziko ng'ambo. Upande wa magharibi mtu hupita Makupa kwenda Changamwe, Jomvu na Miritini. Upande wa kaskazini huvuka daraja la Nyali kwenda Nyali na Kisauni. Upande wa kusini ni Likoni, na hapo watu na magari huvuka kwa feri. Mwenda kwa miguu havuki kwa malipo, lakini hulipa kwa saa zake za kungoja.

Tuseme mtu amepata kazi Changamwe, naye akaona nyumba Likoni yenye kodi nafuu. Kila asubuhi atashuka kivukoni, atangoje feri pamoja na maelfu ya wenzake, avuke, kisha apande gari lingine kukipita kisiwa chote hata Makupa. Jioni afanye vivyo hivyo. Alichookoa katika kodi atakitumia katika nauli, na watoto wake watamwona wakiwa wamesinzia. Kweli, iko barabara ya Dongo Kundu inayounganisha upande wa Miritini na upande wa kusini pasipo feri, nayo humfaa mwenye gari au lori la mizigo. Lakini ni mzunguko mrefu.

Kwa hiyo kanuni ni hii: tafuta kwanza upande ilipo kazi, kisha tafuta nyumba upande ule ule.

Baada ya bahari, tazama maji ya kunywa. Mji huu hupata maji yake kutoka mbali: kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, kwa bomba lililotandazwa miaka ya 1950, na kutoka Baricho kwenye mto Sabaki, pamoja na sehemu nyingine. Hayatoshi watu wote kila siku. Mitaa mingi hupata maji kwa zamu, na siku nyingine hununuliwa kwa madumu yanayoletwa kwa mikokoteni. Visima viko, lakini vingi vina maji ya chumvi, yafaayo kuosha sakafu kuliko kupikia chai. Nyumba yenye tangi kubwa yaweza kuwa rahisi kuliko nyumba ya kodi ndogo isiyo na tangi.

USIHARAKISHE KUNUNUA

Wako wanaofika na fedha ya kiinua mgongo, nao wataka kununua nyumba juma lile lile. Twawasihi wapange kwanza, angalau mwaka mmoja. Pwani ina desturi ambayo watu wengi wa bara hawaijui: nyumba yaweza kuwa ya mtu mmoja, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mtu mwingine, ambaye mwenye nyumba humlipa kodi ya kiwanja. Desturi hii ni ya tangu zamani. Anayenunua nyumba ya namna hii hanunui ardhi, hata kama ameonyeshwa ua, mnazi na kisima. Basi kabla ya kutoa hata sehemu ya bei, hati ichunguzwe katika ofisi ya ardhi, na wakili atazame mapatano.

WAKATI WA KUHAMA

Wazazi hupenda kuhama wakati wa likizo, na ni vema. Lakini likizo si sawa zote. Mwezi wa Aprili masika huwa yanaanza, na Mei kwa kawaida ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa. Magodoro hulowana, na njia za mitaani hujaa matope. Desemba, nauli hupanda kwa ajili ya sikukuu, tiketi za gari la moshi huisha mapema, na upepo wa kaskazi huja na joto ambalo mtoto aliyezaliwa nyanda za juu hajalizoea.

Likizo ya Agosti ndiyo inayofaa zaidi. Wakati ule kusi yavuma, hewa ina ubaridi, na mwili hupata miezi ya kuzoea kabla ya joto kali kuja. Hata hivyo, mtoto aliye katika mwaka wa mtihani wa taifa, kama Gredi ya 6 au ya 9, amekwisha kuandikishwa kwa mtihani katika shule yake ya sasa. Yafaa abaki kwa jamaa mpaka amalize, au wote wangoje mwisho wa mwaka.

MZIGO

Hapa mhamaji wa kutoka bara ana bahati. Malori mengi hupanda bara yakiwa yamejaa bidhaa zilizoteremshwa katika bandari ya Kilindini, na wakati wa kurudi pwani mengi hutafuta mzigo, maana bidhaa zinazoingia nchini ni nyingi kuliko zinazotoka. Mwenye lori asiyependa kurudi mtupu hukubali bei iliyo nafuu. Anayeuliza mapema, tena kwa wenye malori watatu au wanne, huweza kupatana vizuri.

Mapatano yaandikwe: bei ni ngapi, nani atapakia na nani atapakua, mzigo utafika siku gani, na kitu kikivunjika itakuwaje. Andika namba ya gari na jina la dereva. Kila sanduku na kila gunia lipewe namba, na orodha iwe nakala mbili, moja ya dereva na moja ya mwenye mali. Mtu mmoja akae nyuma kusimamia upakiaji, na mwingine atangulie kupokea. Abiria wasipande juu ya mizigo. Jamaa na wasafiri kwa basi, au kwa gari la moshi lililoanza kazi mwaka 2017, ambalo huwafikisha Miritini mchana ule ule au jioni yake.

Kabla ya kupakia, vyombo vyote vigawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vya kwenda. Fungu la pili ni vya kuuza au kugawia ndugu: mablanketi mazito, makoti, na makabati ya mbao laini, ambayo hufura kwa unyevu wa pwani na kuliwa na mchwa. Chuma nacho hushika kutu upesi kwa hewa ya chumvi. Kitanda cha chuma kipakwe rangi kabla ya safari. Fungu la tatu ni mfuko wa usiku wa kwanza, usioingia katika lori kabisa: vyandarua, mashuka, sufuria mbili, taa, sabuni, dawa na karatasi zote za nyumba. Lori likichelewa njiani hata kesho yake, jamaa watalala salama.

AFYA

Jambo hili lisipuuzwe, maana ndilo lenye hatari ya kweli. Mtoto aliyekulia nyanda za juu hajazoeana na malaria kama mtoto wa pwani, naye akiugua huweza kuzidiwa kwa muda mfupi. Chandarua chenye dawa kitundikwe usiku wa kwanza, kabla hata ya kutundika pazia. Homa yo yote ichukuliwe hospitali siku ile ile ipimwe, wala asipewe mgonjwa dawa za kubahatisha. Mama mja mzito na mwenye mtoto mchanga aulize chandarua kliniki.

Tena kuna homa ya dengi, iliyozuka Mombasa mwaka 2013 na tena mwaka 2017. Mbu wake huuma mchana, na hutaga mayai katika maji safi yaliyotulia. Basi tazameni jinsi mambo yanavyofungamana: maji ni haba, kwa hiyo watu huyaweka akiba katika madumu na mapipa, na mapipa yasiyofunikwa huzaa mbu. Kila chombo cha maji kiwe na kifuniko chake, na kioshwe ndani kila juma.

KARATASI NA MAJIRANI

Shule mpya ikubali kwanza kumpokea mtoto, ndipo shule ya zamani imwachilie na jina lake lihamishwe katika daftari la Wizara. Chukueni ripoti zake, cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki. Mwenye nyumba wa zamani apewe taarifa kwa maandishi mwezi mmoja kabla, ili amana irudishwe bila ugomvi. Mpiga kura huweza kuomba Tume ya Uchaguzi ihamishe jina lake, lakini asingoje mpaka uchaguzi uwe karibu.

Katika hesabu ya fedha, pamoja na nauli, lori, kodi na amana, iwekwe chakula na kodi ya miezi mitatu isiyoguswa. Biashara mpya haianzi kulipa mwezi wa kwanza, na wakati mwingine mshahara wa aliyehamishwa huchelewa.

Mkiisha kupanga vyombo, mwenye nyumba aende akajijulishe kwa majirani, kwa mzee wa Nyumba Kumi na kwa msaidizi wa chifu. Watu wa pwani hutazama sana adabu. Mtoto na amwamkie mkubwa kwa shikamoo, mgeni apige hodi na angoje kukaribishwa, na mwezi wa Ramadhani asile hadharani mchana mbele ya waliofunga. Mgeni anayetunza mambo haya hapati tabu ya kupata jirani wa kumwonyesha duka la haki, fundi mwaminifu na zahanati iliyo karibu usiku mtoto anapoungua kwa homa.

Kwa kifupi: mwezi wa kwanza mtangulizi aende akachague upande na nyumba, mwezi wa pili shule, karatasi na mapatano ya lori yatengenezwe, mwezi wa tatu vyombo vigawanywe na kufungwa. Siku ya kupakia iwe ya mwisho, wala si ya kwanza. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Basi ni vema kupima kina chake kabla ya kuvua.