Vita vya Kukodi: Kutoka Elisabethville Hadi Goma (Sehemu ya Pili)

Ukipita mtaa wa Golf usiku, hapa Lubumbashi, utakuta mlinzi wa kampuni karibu kila geti. Hakuna anayemwita mamluki, na ni haki: yeye analinda nyumba, hapigani vita. Lakini ni hapo hapo, kati ya kulinda na kupigana, kampuni za kijeshi zilipojipenyeza. Mji wetu, ulioitwa Elisabethville enzi hizo, ulijua jambo hilo mapema.

Kiongozi wa Katanga, Moïse Tshombe, alipotangaza kujitenga kwa jimbo hilo, tarehe 11 Julai 1960, majandarmu wake waliongozwa na maofisa wa Kibelgiji walioitwa wasaidizi wa kiufundi. Nyuma yao wakaja watu wa kukodi kutoka Ufaransa, Rhodesia na Afrika Kusini, wale walioitwa affreux, yaani watu wa kutisha. Serikali iliyowalipa iliishi kwa kodi ya kampuni ya madini ya Union Minière. Kwa maneno mengine, shaba yetu ndiyo iliyonunua risasi zilizotuua. Februari 1961 Baraza la Usalama likataka waondolewe. Tarehe 28 Agosti askari wa Umoja wa Mataifa wakawakamata wengi, na baadhi yao wakarudi kwa mlango wa nyuma, kupitia Rhodesia.

Sheria ilikuja baadaye. Itifaki ya Geneva ya 1977 inamtambua mamluki kwa masharti sita, na lazima yatimie yote kwa pamoja: miongoni mwake, awe ameshiriki mapigano yeye mwenyewe, tena awe ameahidiwa malipo yanayozidi sana ya askari wa cheo chake. Sasa mwandikishe mtu huyo katika kampuni, serikali inayotambuliwa itie sahihi mkataba, na kazi yake iitwe ukufunzi. Sharti la kushiriki mapigano linayeyuka, na mengine hayana tena nguvu. Mimi naona huo si upungufu mdogo wa maandishi. Ni lango.

Kupitia lango hilo Waromania wa kukodi walifika Kivu ya Kaskazini kuanzia mwishoni mwa 2022. Walikuja kama wakufunzi, lakini walionekana wakilinda mji wa Sake na njia za kuingia Goma, na Februari 2024 wawili wao waliuawa huko. Waliokuwa na uzoefu walilipwa takriban dola 5,000 kwa mwezi. Askari wetu wa kawaida, waliokuwa nao kwenye mahandaki yale yale, walipata kama dola 100.

Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025, Waromania zaidi ya 280 walisalimisha silaha, wakavushwa hadi Gisenyi, wakapanda ndege Kigali kurudi kwao. Askari wa Kongo waliosalimu amri walipakiwa kwenye malori ya M23, wakapelekwa kambi ya Rumangabo.