Pumzi ya Mtoto: Ijue, Ihesabu

Leo mwite mtoto aketi karibu nawe, kwa maana tutazungumza juu ya kupumua.

Mwambie aweke mikono juu ya tumbo na avute hewa kwa pua. Tumbo limeinuka, sivyo? Chini ya mapafu kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Kiwambo kikishuka, kifua hupanuka na hewa huingia. Kikilegea, hewa hutoka.

Puani kuna vinyweleo na makamasi vinavyonasa vumbi. Hewa hushuka kooni hadi kwenye bomba la hewa. Bomba hili ni kama mti uliopinduliwa: shina liko juu, matawi yako chini. Tawi moja huenda pafu la kulia, lingine la kushoto. Pafu la kushoto ni dogo kidogo kwa sababu limeuachia moyo nafasi. Mwisho wa matawi kuna mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa. Hapo damu huchukua oksijeni na kuacha hewa chafu, nasi tunaitoa nje.

Sasa mama, sikiliza. Mtoto akipata nimonia, baadhi ya vifuko hivyo hujaa majimaji na usaha. Oksijeni haitoshi, kwa hivyo mtoto hupumua mbio mbio.

Wengi husema nimonia huletwa na baridi ya Julai. La, huletwa na viini. Lakini baridi inapotufungia ndani pamoja na moshi wa jiko, viini huenea upesi. Tena mtoto huvikwa sweta tatu, na kifua hakionekani!

Mtoto akikohoa, mfungue nguo. Awe ametulia, halii wala hanyonyi. Hesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo ukihesabu:

- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
- Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi.
- Mwaka 1 hadi 5: pumzi 40 au zaidi.

Kama kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, midomo imekuwa ya samawati, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea sana, usingoje asubuhi. Kimbia hospitali.

Kinga pia ipo. Tangu 2011 Kenya hutoa chanjo ya nimonia katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Angalia kitabu cha kliniki. Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza. Nawa mikono kwa sabuni. Pikia penye hewa, na usilale kamwe na jiko la makaa ndani: hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua.

Usiku wa leo, mtoto akilala, jaribu kuhesabu pumzi zake akiwa mzima. Siku akiugua, utajua tofauti.