Meneja Aliyejifunza Kuendesha Basi

Mwezi wa Oktoba 1965, Bwana Brian Clough, mwenye umri wa miaka 30, ambaye goti lilimkatiza kucheza, alikabidhiwa timu ya Hartlepools United katika Divisheni ya Nne ya Uingereza. Kazi ya taabu hasa! Mara tano mfululizo, 1960 hadi 1964, timu ile ilishika mkia pamoja na wenziwe watatu, ikabidi iombe kura isitolewe ligini. Fedha hakuna, paa lavuja. Clough alizunguka vilabuni kuomba michango, tena akapata leseni ya basi, aweze kuwachukua wachezaji mwenyewe. Ni mabwana wakubwa wangapi wangekubali? Mwaka 1966 timu ilikuwa ya 18. 1967, ya 8. Ndipo Derby County wakamwita. Hartlepools ilipopanda daraja mwaka 1968, yeye hakuwapo.