Nani hupanga rekodi yako kwenye kompyuta ya hospitali?

Siku hizi ukifika katika vituo vingi vya afya, huoni tena faili ya karatasi ikitafutwa kabatini. Karani wa mapokezi anaandika jina lako kwenye kompyuta, muuguzi anakupima na kujaza namba, kisha daktari anayasoma yote akiwa chumbani mwake. Wagonjwa wengi hudhani programu hiyo ilikuja ikiwa tayari hivyo. Sivyo. Kuna mtu aliyepanga uulizwe nini, swali gani ni la lazima, na nani aruhusiwe kuona majibu yako. Huyo ni msimamizi wa mfumo. Pengine hutawahi kumwona, ila kazi yake inagusa matibabu yako.

Hapa Kenya, vituo vingi vinavyotoa huduma za VVU vinatumia KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, programu ya bure iliyoanza kutengenezwa mwaka 2004 na kutumika mapema sana kule Eldoret. OpenMRS iliundwa makusudi ili kila nchi au kituo kiipange kinavyohitaji. Huo ni uzuri wake, lakini pia inamaanisha kwamba ikipangwa vibaya, itafanya vibaya.

Chukua swali la mzio, yaani aleji. Tuseme dawa za penisilini hukuletea uvimbe wa koo. Msimamizi akiliacha swali hilo liwe la hiari, muuguzi mwenye foleni ya watu arobaini ataliruka. Akilifanya la lazima na kuweka majibu mawili tu, "ndiyo" na "hapana", muuguzi ambaye hajapata nafasi ya kukuuliza atabonyeza "hapana" ili fomu imruhusu kuendelea. Daktari akisoma baadaye ataamini kwamba uliulizwa ukakana. Dawa ni kuongeza jibu la tatu: "hajaulizwa". Ni kitu kidogo, na msimamizi anaweza kukiweka kwa muda mfupi, lakini lazima awe ameambiwa na mtu anayehudumia wagonjwa. Kwa maoni yangu, fomu yoyote iliyopangwa bila muuguzi, tabibu na afisa wa rekodi za afya kuketi pamoja haifai kuanza kutumika.

Mambo mengine ni mepesi zaidi. Msimamizi huweka vikomo vya namba, ili mtu akiandika joto la mwili 375 badala ya 37.5, kompyuta ikatae. Kikomo hakizuii kila kosa, 36.5 iliyoandikwa mahali pa 38.5 itapita bila swali.

Rekodi mbili za mtu mmoja

Leo umejiandikisha kwa jina la ubatizo, mwaka jana ulitumia jina la baba kwanza, na tarehe ya kuzaliwa ilikisiwa. Mfumo unaweza kukuhesabu kuwa watu wawili. Mzio wako umo kwenye rekodi moja, na daktari amefungua ile nyingine! Wenye ruhusa, ambao kwa kawaida ni wachache, wanaweza kuziunganisha. Kuunganisha kunahitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu kuchanganya rekodi za watu wawili tofauti ni hatari kuliko kuziacha zikiwa mbili.

Nani anaona majibu ya vipimo vyako?

Karani anahitaji jina lako na namba yako, si majibu ya kipimo cha VVU. Kwa hiyo msimamizi humpa kila mfanyakazi ruhusa kulingana na kazi yake, na kufunga akaunti ya anayeacha kazi siku hiyo hiyo. Katika OpenMRS, akaunti iliyofungwa haifutwi, hivyo aliyoyaandika mtu huyo yanabaki na jina lake. Rekodi ikiondolewa kwa njia ya kawaida hufichwa tu, na sababu huandikwa. Ulinzi huu wote huporomoka pale wafanyakazi wanapotumia nenosiri moja la pamoja, kwani hapo haijulikani tena ni nani aliandika nini.

Unaweza kufanya nini?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuuliza habari zako zinatumikaje, kuziona, na kuomba zirekebishwe zikiwa na kosa. Huhitaji wakili kwa hatua ya kwanza. Ukiwa mapokezini, omba usomewe majina yako, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Ukifika kwa muuguzi, taja mzio wako hata kama hujaulizwa, kisha uliza, "Umeuandika?" Kama una kadi zaidi ya moja, zilete zote na umwombe afisa wa rekodi aangalie kama zina namba tofauti. Usitupe kadi ya zamani kabla hajathibitisha kwamba rekodi zimeunganishwa.