Mtoto Asiyetulia Chuoni

Hakuna mwalimu asiyemjua mtoto huyu. Juzuu haijafunguliwa mbele yake ila macho yake yamekwisha kutoka dirishani. Akitumwa maji husahau njiani. Akiulizwa hujibu kabla swali halijakwisha. Na akikaa mkekani humsumbua aliye ubavuni mwake. Sisi walimu tumezoea kumwita mtukutu, na dawa yetu imekuwa bakora. Hatuna budi kukiri: tumewaona walioikimbia bakora hiyo, wakakikimbia na chuo pia.

Yatupasa basi tuyajue wayasemayo matabibu. Jambo hili si geni. Mwaka 1902, George Still, tabibu wa watoto, aliwaeleza madaktari wenziwe mjini London habari za watoto wenye akili timamu wasioweza kuzizuia nafsi zao wala kukaza fikira. Leo hali hiyo huitwa upungufu wa uzingativu na kutotulia. Chanzo chake kikubwa ni maumbile ya ubongo, na mara nyingi hurithiwa. Huenda baba mtu naye alikuwa vivyo hivyo utotoni.

Je, ni wangapi? Mwaka 2007 wataalamu waliukusanya uchunguzi 102 uliofanywa katika nchi mbalimbali, wakaona ni kadiri ya watoto 5 katika kila 100. Maana yake, katika darasa la watoto 40 tutaraji wawili. Wavulana huonekana zaidi. Lakini binti aketiye kimya, mawazo yake yakizurura, naye huenda akawa miongoni mwao, na kwa kuwa hamsumbui mtu, hakuna amtambuaye.

Hata hivyo tusipite mpaka. Huko Marekani, mwaka 2022, wazazi walieleza kwamba kiasi cha mtoto 1 katika 9 amepata kuambiwa ana hali hii. Tena imeonekana katika nchi kadha kuwa walio wadogo kwa umri darasani ndio waambiwao zaidi. Yaani utoto wenyewe wahesabiwa maradhi! Ndipo matabibu wakaweka mizani: dalili ziwe nyingi, zidumu miezi 6 au zaidi, zianze kabla ya miaka 12, zionekane nyumbani na skulini pia, na zimzuie mtoto katika masomo au maisha yake. Basi atuliaye nyumbani akaharibika chuoni tu, tumtazame kwanza mwalimu. Na asiyesikiliza, tuchunguze usingizi wake, chakula chake, macho na masikio yake.

Akithibiti kuwa nayo, tumweke karibu nasi, mbali na mlango. Somo lake liwe fupi, amri iwe moja moja, na akitenda jema tumsifu papo hapo. Mambo yakizidi, mzazi ampeleke kwa daktari. Dawa zipo, lakini hazitolewi ila kwa shauri lake. Bakora haiugeuzi ubongo. Humfundisha mtoto kumchukia amfundishaye.

Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume wetu (S.A.W.) miaka 10 tangu utotoni, naye amesimulia kwamba hakulaumiwa kwa alilolitenda wala kwa aliloliacha. Nani kati yetu walimu na wazazi awezaye kusema hayo juu ya mtoto mmoja tu? Watoto ni amana, na yule asiyetulia ni amana pia. Tutaulizwa habari zake.

Wabillahi taufiki.