Kemikali za visima vya mafuta: kwa nini pipa tupu si chombo cha maji

Visima vya mafuta vya Sudan Kusini viko mbali na mtaa wa Gudele jijini Juba. Hata hivyo, swali la nini kiliwahi kuwamo ndani ya pipa linamhusu kila anayehifadhi maji nyumbani. Makala hii inaeleza kemikali zinazotiwa visimani, kazi ya vizuia kutu, na namna ya kukitambua chombo kisichofaa.

Gudele, upande wa magharibi wa Juba, ni miongoni mwa maeneo ambako kaya nyingi hutegemea maji yanayoletwa na malori. Maji hayo hununuliwa kwa pipa au kwa dumu, kisha huwekwa uani hadi lori litakaporudi. Kwa hiyo pipa ni mali ya lazima, na mara nyingi ni chombo kilichokwisha kutumika kwingine.

Jambo la kwanza kufahamu ni jiografia. Mto Nile Mweupe huingia nchini kutoka Uganda, hupita Juba, kisha huelekea kaskazini. Maeneo ya mafuta ya Unity, Thar Jath na Paloch yote yako kaskazini mwa mji mkuu. Taka za huko haziwezi kupanda mto hadi Juba. Chombo, lakini, hakifuati mkondo wa mto, hufuata soko.

Kwa nini asidi hutiwa kisimani?

Mafuta hayakai chini ya ardhi kama ziwa. Hukaa ndani ya vinyweleo vya mwamba, na katika mabonde ya Muglad na Melut mwamba huo kwa kiasi kikubwa ni wa mawe mchanga. Vinyweleo hivyo huweza kuzibwa na matope ya uchimbaji, udongo wa mfinyanzi, magadi ya madini au nta iliyomo ndani ya mafuta yenyewe. Kisima hupungua nguvu kabla mafuta hayajaisha.

Hapo ndipo wahandisi hukichochea kisima kwa kusukuma vimiminika ndani yake. Palipo na mawe ya chokaa, hutumika asidi ya haidrokloriki, ambayo huyayeyusha mawe na kufungua njia. Kwenye mawe mchanga asidi hiyo peke yake haitoshi, kwani haiyeyushi udongo wa mfinyanzi. Huchanganywa na asidi ya haidrofloriki, ambayo ni hatari zaidi kwa mwanadamu: hupenya ngozi na kuinyang'anya damu kalisi, hata jeraha linaloonekana dogo likaweza kuua.

Vizuia kutu hufanya nini?

Asidi haichagui kati ya mwamba na chuma. Kabla ya kuufikia mwamba, hupita katika bomba refu la chuma, na joto la chini ya ardhi huongeza kasi yake ya kulila bomba hilo. Tatizo hili ni la kale. Mwaka 1896 mkemia Herman Frasch alipata hataza nchini Marekani ya kutumia asidi ya haidrokloriki kwenye visima, lakini kuharibika kwa mabomba kukawa kikwazo kikubwa. Mbinu hiyo ilishika kasi mwaka 1932 katika jimbo la Michigan, pale kampuni za Dow na Pure Oil zilipotumia asidi iliyotiwa kizuia kutu cha aseniki.

Aseniki ni sumu inayofahamika tangu zamani. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na viambato vya kikaboni, kama vile alikoholi ya propajili, amini za aina mbalimbali na aldehidi, ambavyo mara nyingi huyeyushwa katika methanoli. Molekuli zake hujibandika juu ya chuma na kufanya utando mwembamba unaoitenga asidi na bomba. Utando huo hauzuii kabisa kuliwa kwa chuma. Huchelewesha tu kwa saa chache zinazohitajika kumaliza kazi. Joto likizidi, huongezwa kemikali nyingine za kuutia nguvu, kwa mfano iodidi ya potasiamu.

Kiasi cha vizuia kutu ndani ya mchanganyiko huwa kidogo. Ndani ya pipa lililovibeba kutoka kiwandani, hata hivyo, huwa havijachanganywa na asidi wala maji. Kile kinachotiwa kidogo kidogo kisimani hukaa humo kikiwa kikali. Alikoholi ya propajili ni sumu ikimezwa, ikivutwa kwa pumzi au ikigusa ngozi, na methanoli huweza kupofusha macho na kuua.

Baada ya kazi, taka huenda wapi?

Kazi ikiisha, sehemu ya kimiminika hurudi juu ikiwa imebeba chumvi, madini ya mwamba, chuma kilichoyeyuka na mabaki ya kemikali. Utaratibu unaotakiwa ni kukikusanya katika matangi au mabwawa yasiyovuja, kuipooza asidi kwa chokaa au magadi, kisha kukisafisha. Sheria ya Petroli ya Sudan Kusini ya mwaka 2012 inazitaka kampuni zifanye tathmini ya athari kwa mazingira na jamii.

Utekelezaji umezua malalamiko. Shirika la Kijerumani la Hoffnungszeichen, lililoanza kuchunguza maji ya eneo la Thar Jath mwaka 2008, lilihusisha chumvi nyingi katika maji ya kunywa na shughuli za mafuta. Mwezi Februari 2020 shirika la habari la AP liliripoti uchafuzi katika eneo la Paloch na hofu ya wakazi kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro, bila kuthibitisha kisayansi kwamba mafuta ndiyo chanzo. Taarifa hizo zinahusu shughuli za mafuta kwa jumla, si kuchochea visima peke yake.

Namna ya kulichagua pipa

Vyombo vya kemikali za viwandani huwa ni mapipa ya lita 200 hivi, au matangi ya plastiki ya lita 1,000 yaliyozungushiwa kizimba cha chuma. Mnunuzi atazame alama zenye umbo la msonge na mpaka mwekundu. Fuvu la kichwa ni ishara ya sumu; kimiminika kinachodondokea mkono na chuma ni ishara ya kitu kinachounguza; mti na samaki aliyekufa ni ishara ya madhara kwa mazingira. Namba UN 1789 humaanisha asidi ya haidrokloriki, na UN 1790 asidi ya haidrofloriki. Pipa ambalo karatasi yake imebanduliwa au kukwanguliwa lihesabiwe kuwa halijulikani, na lisitiwe maji ya kunywa wala ya kupikia.

Kulisuuza kwa sabuni hakutoshi, kwa sababu plastiki hunyonya kemikali za kikaboni na kuziachia baadaye polepole. Kuchemsha maji na kutia vidonge vya klorini, mambo yaliyozoeleka katika kujikinga na kipindupindu, huua vijidudu. Hakuondoi aseniki, risasi wala vizuia kutu. Kutosikia harufu pia si uthibitisho wa usalama. Chombo cha kuaminika ni kipya, au kile kilichobeba chakula na ambacho historia yake inajulikana.

Aliyemwagikiwa na kemikali avue nguo zilizolowa, aoshe mwili kwa maji mengi na kwenda hospitali bila kukawia, hata kama maumivu ni madogo. Aliyekunywa asilazimishwe kutapika. Karatasi ya chombo, au picha yake, ipelekwe kwa daktari, kwani tiba hutegemea kujua kemikali iliyohusika.

Kwa walio ughaibuni wanaotuma fedha nyumbani Gudele, tofauti ya bei kati ya pipa jipya na kuukuu ni jambo la kuzungumza na familia kabla ya kununua, si baada ya mtoto kuugua.